Mchapakazi Namba Moja wa Mchezo Wangu wa Redio

Kwa miaka kumi na mmoja niliandika mchezo wa redio uliosikika kila Jumapili saa tisa alasiri, watu wakiwa wametoka kanisani na kula wakashiba. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, na kuandika ilikuwa kazi yangu ya pili, ile niliyoipenda. Mchezo ulihusu familia moja ya wakulima kule Ndabibi: mama mjane, mwanawe wa kwanza ambaye hakutaka kuona jembe hata kwa mbali, majirani, na kesi ya shamba isiyokwisha. Kesi ile niliirefusha kwa makusudi. Msikilizaji akishajua nani amepata shamba, atafungulia stesheni nyingine.

Nilipostaafu nilibaki na katoni nne za maandishi chini ya kitanda, nyumbani kwetu mtaa wa Free Area, hapa Nakuru. Mke wangu alikuwa akiniuliza kila alipofagia kama panya wameshamaliza kuzisoma.

Kwa hiyo unaweza kufikiria furaha yangu siku alipokuja binti mmoja kuziomba. Kwao ni Bahati, kijijini nje ya mji, na nilimfundisha alipokuwa kidato cha pili huko huko. Sasa alikuwa mtu mzima, anafundisha mambo ya kompyuta katika chuo kimoja mjini, na alikuwa anamalizia shahada yake ya pili. Aliketi kwenye ukingo wa kiti kama bado niko na chaki mkononi.

"Mwalimu, nataka kuangalia vile hizi stori watu wanapenda zinaonyesha wanawake na wanaume," alisema. "Kompyuta itasoma zote, ihesabu nani anafanya nini."

Mimi nilisikia jambo moja tu: kwamba chuo kikuu kinataka kunisoma. Nilizibeba zile katoni mwenyewe hadi mezani, mgongo ukilalamika, na sikumruhusu mtu anisaidie.

Siku hiyo hiyo, mke wangu alipomuuliza habari za kazi, alituambia mambo yalivyokuwa. Alikuwa amefundisha pale chuoni miaka minne kwa mkataba wa saa, na sasa kulikuwa na nafasi moja ya kuajiriwa kabisa. Wakuu walimwahidi wataishikilia mpaka mwisho wa muhula, mradi awe amesimama mbele ya jopo la watahini wa shahada yake na kupita. Asipopita, nafasi inaenda kwa mwingine. Alilisema mara moja, hakulirudia, lakini mke wangu alilishika na kuanzia siku hiyo akawa anapika chakula cha mtu mmoja zaidi.

Kwao Bahati umeme ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo alifanyia kazi kwenye meza yetu ya kulia. Alipiga picha kila ukurasa kwa simu. Zile kurasa ambazo utepe wa taipureta ulikuwa umechoka, alizichapa upya neno kwa neno. Kisha akaiandikia kompyuta maagizo: chukua kila sentensi, tafuta mtendaji, tafuta alichotenda, weka kwenye jedwali. Kwa kuwa Kiswahili hakikuambii kama huyo "anayelima" ni mwanamke au mwanamume, alitengeneza orodha ya wahusika wote kwa mkono, mmoja mmoja, na kando ya kila jina akaandika ni nani. Wahusika wenyewe walikuwa wengi mno, maana kila nilipoishiwa na mambo ya kuandika nilikuwa naleta jirani mpya. Nimesahihisha madaftari kwa zaidi ya miaka thelathini na sijaona uvumilivu wa namna ile. Nilikuwa napita pale mezani kwa kisingizio cha kutafuta miwani, kumbe nataka tu kumtazama akifanya kazi.

Matokeo ya kwanza yalipotoka, mapenzi yangu yalipungua.

Alinionyesha picha yenye vijiti vya rangi mbili. Wanaume wa mchezo wangu walilima, walijenga, walinunua, walishtaki, waliamua. Wanawake walilia. Walingoja, walipika, waliomba, halafu wakalia tena.

"Yaani mimi ninadharau wanawake?" nilimuuliza.

"Sijasema hivyo, Mwalimu. Nimesema kwa hizi stori wanawake wanalia sana."

"Mjane wangu ndiye anayelima lile shamba lote! Kila Jumapili analima!"

"Mashine haijamwona akilima."

"Basi mashine yako ni kipofu," nikasema, nikatoka nje kukagua kuku ambao hawakuhitaji kukaguliwa.

Nakiri nilijibeba vibaya. Mimi nililelewa na mwanamke aliyelima mwenyewe, na mjane yule nilimtoa kwake, hatua kwa hatua, hadi namna alivyokuwa akifunga kitambaa kiunoni kabla ya kushika jembe. Kuambiwa kwamba miaka kumi na mmoja nilikuwa nimemketisha jikoni akilia kuliniuma sana. Kwa wiki nzima nilimsalimia yule binti kwa neno moja. Yeye aliendelea kuja, akiuliza habari za mgongo, za kuku, za usiku, bila kuruka hata moja. Mke wangu aliniambia kwamba katika nyumba hii mtoto anajulikana ni nani, na si yule wa Bahati.

Zilipobaki siku tano kabla ya jopo, ilikuwa Jumamosi. Mke wangu na wenzake wa kikundi cha akina mama cha kanisa walikuwa wamejaa sebuleni, kila mmoja na karai lake, wakitoa minji kwenye maganda kwa ajili ya harusi ya kesho yake. Binti akaomba afanye mazoezi mbele yao, ajizoeze kusema kwa sauti. Wote pale walikuwa wasikilizaji wangu wa zamani, kwa hiyo nilivuta kiti pembeni. Nilikaa nikiwa nimenuna, lakini nilikaa.

Alifika kwenye ukurasa wa wachapakazi. Kompyuta ilikuwa imewapanga wahusika kwa wingi wa kazi walizofanya, na juu kabisa palikuwa na jina. Hapa nitalazimika kusema "yule kijana", kwa kuwa nimeamua nisimtaje mtu yeyote kwa jina, hata wa kubuni. Ni yule mwana wa kwanza wa mjane. Katika miaka kumi na mmoja hakuamka hata siku moja kabla ya saa sita mchana. Kwa muda fulani hapa Nakuru wazazi walikuwa wakiwaita vijana wao wavivu kwa jina lake.

Minji iliacha kuanguka kwenye makarai. Kisha kicheko kikapasuka.

"Wee! Ati huyu ndiye namba wani?"

"Huyu wa kulala? Aki mashine yako inataka maombi!"

"Kwani alilima lini? Ama alikuwa analima kwa ndoto?"

Mke wangu peke yake hakucheka. Aliweka karai chini, akajifuta mikono. "Hebu soma hizo kazi alifanya," akamwambia.

Binti akasoma, sauti yake ikiwa imepungua. Alilima ekari mbili za viazi. Alipeleka ng'ombe kwenye josho. Alijenga upya zizi lililobebwa na mvua. Alienda kortini Naivasha akiwa na homa, akasimama kizimbani mpaka jioni.

"Hiyo ya korti na homa ni mamake," alisema mke wangu. "Zizi ni mamake. Hizo zote ni mamake, si yeye."

Na hapo ndipo kosa lilipojulikana. Kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa mtoto wake wa kwanza: Mama, halafu jina la mtoto. Mjane wangu hakuitwa vinginevyo na mtu yeyote, na hata mimi kwenye maelezo ya pembeni niliandika hivyo hivyo. Sasa binti, ili mtu mmoja asihesabiwe mara mbili, alikuwa ameiagiza kompyuta iondoe vyeo vyote vinavyotangulia majina. Bwana, Mzee, Chifu, Mama, Baba, vyote vitolewe, na ile orodha ya wahusika aliitoa kwenye majina yaliyobaki. Ukitoa Mzee, mzee mwenyewe anabaki. Ukitoa Mama, anayebaki ni mwanawe. Kwa hiyo jasho lote la mjane, Jumapili baada ya Jumapili, liliandikwa kwa jina la yule mlalaji. Mjane mwenyewe alionekana tu pale nilipoandika "mama analia" au "mama anangoja", bila jina la mtoto, na kwa bahati mbaya nilikuwa nimeandika hivyo mara nyingi.

Na si yeye tu. Akina baba nao walikuwa wamemezwa na watoto wao. Dereva mmoja wa lori alikuwa baba wa msichana wa chekechea, na kwenye jedwali palikuwa na msichana wa chekechea aliyeendesha lori la viazi kila wiki hadi Eldoret. Akina mama walicheka mpaka mmoja akamwaga minji.

Binti alikaa chini. "Mamangu huko Bahati anaitwa kwa jina langu," alisema. "Tangu nizaliwe. Na bado nikaitoa hiyo Mama kama uchafu."

Ningepaswa kushangilia, na kusema kweli nilishangilia moyoni kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Kisha nikauona uso wake. Msimamizi wake alikuwa ameshayasoma matokeo yale na kuyasifu. Nakala zilikuwa mikononi mwa watahini, na jopo lilikuwa Alhamisi. Nikamwita jikoni, mimi niliyekuwa nimemnunia wiki nzima, nikamshauri aende nayo hivyo hivyo, apite, apate kazi yake, halafu arekebishe baadaye.

"Nani atajua?" nilimuuliza.

"Hao," alisema, akionyesha sebuleni. "Na mimi."

Nilijisikia mdogo, na nilimheshimu kuliko nilivyowahi kumheshimu mwanafunzi yeyote. Alimpigia msimamizi wake simu pale pale karibu na sinki. Jibu lilikuwa fupi: tarehe haisogei, arekebishe au ajiondoe. Akasema atarekebisha.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha kupita kiasi. Kila Mama na kila Baba wa miaka kumi na mmoja ilibidi atafutwe alipo na aandikwe kuwa mtu wake mwenyewe. Binti alidhani mimi nitamsaidia, nami pia nilidhani hivyo, mpaka tulipoanza. Sikumbuki. Watu niliowaumba mwenyewe walikuwa wamenitoka, na mara mbili nilimwambia jambo ambalo ukurasa uliofuata ulilikanusha. Aliyekumbuka ni mke wangu. Kumbe Jumapili zile zote alizokuwa akipiga pasi sare za watoto, redio juu ya kabati, hakukosa neno.

"Huyo ni ule wa maziwa, si wa duka," alikuwa akisema, bila hata kuinua macho. "Wa duka alihamia Gilgil baada ya kukosana na shemeji."

Tukitazama kwenye maandishi, tunakuta hivyo hivyo. Wenzake wa kikundi walikuja wawili wawili, na miwani yao, wakaketi kumzunguka binti na kusoma kwa sauti, wakibishana kuhusu ugomvi niliousahau kabisa. Yeye aliwasikiliza wote, akaandika, akauliza tena, na pale walipotofautiana alirudi kwenye ukurasa akasoma mwenyewe. Hakumwambia hata mmoja wao kwamba ana haraka. Mimi nilipewa kazi ya kupika chai. Waliinywa bila kusema lolote, na kutoka kwa wanawake wale huo ni ukosoaji mzito.

Jumatano saa kumi jioni kompyuta ilihesabu upya. Mjane alikuwa juu ya wote, na yule kijana alikuwa ameporomoka mpaka chini kabisa, mahali pake. Wanawake wangu walilima, walijenga, walisimama kortini. Bado walilia kuliko wanaume, na neno la mwisho katika mambo makubwa bado lilikuwa la wanaume. Hilo sikuweza kulipinga. Lakini nilitembea mle ndani kifua mbele. Nilimuuliza mke wangu kama amesikia. Nikamuuliza tena.

"Ngoja, Mwalimu," binti akasema. "Kuna ukurasa wa mwisho."

Baada ya kuwatenganisha wote, alikuwa amejiuliza swali jingine: hawa wachapakazi wanaitwaje? Wanaume walikuwa na majina yao. Hata yule dereva, ukitafuta, kuna sehemu mwenye lori anamwita kwa jina lake. Wasichana nao walikuwa na majina, mpaka wanapojifungua mtoto wa kwanza. Kuanzia hapo majina yao hayaonekani tena popote, hata kwenye maelezo ya pembeni, ambayo hakuna mwingine aliyeyaandika ila mimi. Na mjane, mwanamke mwenye kazi nyingi kuliko mtu yeyote katika mchezo, hakuwa na jina lake tangu ukurasa wa kwanza.

"Hiyo ni heshima!" nilisema. "Ulitaka majirani wamwite jina lake kama mtoto mdogo?"

"Ni heshima, na sijaandika ati ni makosa," alisema. "Nimeandika tu vile iko. Na hiyo heshima ndiyo ilifanya kijana apewe kazi ya mamake."

Nilimwambia chai inapoa.

Alhamisi tulienda chuoni, mimi na mke wangu, kwa kuwa wageni waliruhusiwa kukaa nyuma. Mke wangu alivaa suti yake ya Pasaka. Watahini walikuwa wanne mezani, kila mmoja na nakala mpya ambayo binti aliichapa usiku. Binti alisimama, akasalimu, na kitu cha kwanza alichosema ni kwamba alikuwa amekosea. Alieleza kosa lote, msichana wa chekechea na lori lake, bila kumlaumu mtu na bila kujitetea. Msimamizi wake alikuwa akitazama kalamu. Mimi nilishika kiti kwa mikono miwili.

Alipomaliza, mtahini mmoja, mama mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, alivuta nakala karibu. Alisema anamshukuru kwa ukweli wake, lakini ukweli si ushahidi. Mashine ilikosea mara ya kwanza, kwa nini isiwe imekosea mara ya pili? Kwenye tasnifu imeandikwa kwamba kuna kurasa zilizofifia na nyingine zimeliwa na panya. Huenda majina ya wanawake hao yalikuwa kwenye kurasa hizo. Kama ndivyo, sura ya mwisho yote inaanguka, na tasnifu haiwezi kupita bila sura hiyo.

"Nani amethibitisha?" aliuliza.

Binti akataja majina matatu ya mke wangu, kamili, kama yalivyo kwenye kitambulisho.

"Niko!" mke wangu akaitika, akasimama wima, mkoba mkononi, kama mtu aliyeitwa na nesi hospitalini. Nje ya hospitali na ofisi za serikali hakuna anayemwita hivyo, mimi nikiwemo. Watu wachache walicheka. Mtahini hakucheka.

"Mama, wewe ni mtafiti?"

"Hapana. Mimi ni msikilizaji."

Mtahini akafungua orodha mwishoni mwa tasnifu, akachagua mtu mmoja, akamuuliza ni nani. Mke wangu akamweleza: ni yule wa maziwa, kwake ni ng'ambo ya mto, alivunjika mguu wakati wa kiangazi. Akachagua mwingine. Akaelezwa. Akafika kwa mjane.

"Na huyu, jina lake mwenyewe ni nani?"

"Halikusemwa."

"Labda lilisemwa Jumapili ambayo hukusikiliza."

"Nilisikiliza zote," alisema mke wangu. Kisha akageuka, akanitazama. "Lakini aliyeandika ni huyu. Muulizeni."

Ukumbi mzima ukageuka. Nami nitasema kilichonipitia, ingawa sijivunii. Kubuni majina ndiyo kazi niliyoifanya nusu ya maisha yangu. Lilikuwa limeshanijia moja, zuri, la umri wake, la mahali pake. Ningelisema tu, niseme lilikuwa kwenye kurasa zile zilizoliwa, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kunipinga. Ningetoka pale mwandishi aliyewaheshimu wanawake kwa kila njia. Binti alikuwa amesimama mbele, mikono pembeni, hakunifanyia ishara yoyote wala hakuniomba kwa macho. Alikuwa anangoja kusikia ukweli ni upi.

Nikasimama.

"Hana," nikasema. "Miaka kumi na mmoja, na sikuwahi hata kufikiri kwamba nimpe."

Yule mtahini aliandika jibu langu, akalipigia mstari chini, akauliza kama niko tayari kulitia sahihi ili liingizwe kwenye tasnifu. Nikasema niko tayari. Nilitembea hadi mbele, nikaandika jina langu, na nilipoinua kichwa binti wa Bahati alikuwa analia, na mwenyekiti wa jopo alikuwa anampa mkono, akimwambia amepita.